Tumbo la Mtoto wa Paka

Katika vijiji vya Masasi, na huko Newala juu ya uwanda wa Makonde, chakula cha mwaka hulala ghalani: mahindi, mtama na makopa. Panya nao wajua hayo. Basi mwenye paka ana mlinzi. Lakini watoto wengi wa paka hufa kabla ya kumkamata panya hata mmoja, na sababu moja kubwa ni ugonjwa wa tumbo.

Mtoto wa paka huzaliwa kipofu, na uzito wake ni kama gramu 100 tu. Maziwa ya kwanza ya mama, yaitwayo dang'a, yana kinga ya maradhi. Lakini tumbo la mtoto laweza kuipokea kinga hiyo katika siku ya kwanza tu. Tena mtoto hawezi kwenda choo peke yake mpaka apate kama majuma matatu. Mama humlamba chini ya mkia, ndipo mkojo na mavi hutoka. Mama akifa, sharti mtu afanye kazi hiyo kwa kitambaa laini kilichotiwa maji ya moto kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba maziwa ya ng'ombe yamfaa yatima huyo. Sivyo. Maziwa hayo ni mepesi kuliko ya paka, na mara nyingi humharisha. Yafaa kumtafuta paka mwingine anyonyeshaye, maana huenda akamkubali. Mtoto aliyepoa mwili apashwe moto kwanza, ndipo anyonyeshwe. Naye alale kifudifudi, wala si chali, maziwa yasije yakaingia mapafuni.

Kuhara ni hatari kwa sababu maji ya mwili hutoka. Wenyeji wa uwanda wa Makonde wajua thamani ya maji, kwa kuwa zamani wanawake walishuka mbali mabondeni kuyateka. Mtungi mdogo uliotoboka huisha upesi kuliko mkubwa. Ndivyo alivyo mtoto wa paka. Vuta ngozi ya shingo yake kwa vidole, kisha iachie. Isiporudi mara moja, maji yamempungukia, naye ahitaji msaada siku ile ile.

Adui mwingine ni minyoo, ambayo huweza kupita katika maziwa ya mama. Tumbo huvimba, lakini mgongo umekonda. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na mavi, nayo yaweza kuwadhuru hata watu. Basi fukia mavi mbali na jiko, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Apatapo majuma manne, mtoto aanze kuonja nyama au samaki aliyepikwa na kupondwa, asiye na miiba wala chumvi. Ugali peke yake haumtoshi, maana paka ni mla nyama. Apatapo majuma manane aweza kuachishwa ziwa. Usimpe dawa za watu: kipande kidogo cha parasetamoli chaweza kumwua. Mwulize bwana mifugo.

Maswali
1. Kwa nini dang'a isicheleweshwe?
2. Utajuaje kwamba maji yamempungukia mtoto wa paka?
3. Kwa nini tunafukia mavi ya paka?
4. Taja makosa mawili ambayo watu hufanya katika kumlisha yatima.