Somo kwa Makatibu: Hofu Wakati wa Kungoja Mnada

Ndugu Katibu, korosho zikishafika ghala kuu na mnada bado, wako miongoni mwetu wanaokesha, moyo ukienda mbio, chakula hakipiti. Nami nimeyaonja hayo.

Bei ya mnada haimo mikononi mwako. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokata barabara huko Somanga, Kilwa, malori yalisimama. Mkesha wa katibu haukuyasogeza hata hatua moja. Vilivyo mikononi mwako ni daftari la mizani na stakabadhi: vilinganishe jioni ile ile mbele ya mjumbe wa bodi, kisha funga ofisi. Mwanachama akiuliza, mwambie wazi, hata kama ni "fedha hazijafika". Kumkwepa njiani ndiko kunakoikuza hofu.

Usingizi ukipotea majuma mawili mfululizo, nenda kituo cha afya; maradhi haya yana tiba, wala hayakuja kwa kurogwa.