Ramani za Zamani za Ziwa Letu

Anayesafiri kwa meli toka Bukavu kwenda Goma hupita kando ya kisiwa kikubwa, ndicho Idjwi. Watu wamelima na kuvua samaki huko tangu zamani sana. Lakini tafuteni kisiwa hicho katika ramani iliyopigwa chapa Ulaya mwaka 1856. Hamtakiona. Hata ziwa Kivu lenyewe hamtalipata.

Ramani hiyo ilitokana na kazi ya wamisionari wawili, Erhardt na Rebmann, waliokaa pwani karibu na Mombasa na Tanga. Hawakufika bara huku. Waliwauliza wafanyabiashara wa misafara. Mmoja alisema: Nilitembea toka pwani nikafika ziwa kubwa. Wa pili, aliyeshika njia nyingine, alisema vilevile. Na wa tatu pia. Basi wamisionari wakadhani ziwa ni moja tu, wakachora ziwa refu ajabu, lenye umbo la konokono asiye na nyumba. Kumbe maziwa ni matatu: Nyanza, Tanganyika na Nyasa! Wasafiri walisema kweli. Kosa lilikuwa la kuunganisha habari zao. Mimi naipenda ramani hii kuliko nyingine zote.

Mwaka 1858 Burton na Speke walifika Tanganyika. Hata hivyo watu walibishana: mto Rusizi unatoka katika ziwa hilo au unaingia? Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kwa mtumbwi, wakaona kwa macho kwamba unaingia. Nasi wa Bukavu twajua unakotoka.

Sasa sikieni jambo zito. Mwaka 1885 Wajerumani na serikali ya mfalme Leopold II walipatana juu ya mpaka. Walipiga mstari ulionyooka toka ncha ya kaskazini ya Tanganyika kwenda kaskazini-mashariki. Siku ile hakuna Mzungu aliyekuwa ameliona ziwa Kivu. Von Götzen alifika mwaka 1894 tu. Mstari ule uliikata nchi ya Rwanda kama kisu kinavyokata muhogo. Baadaye Wajerumani hawakuutaka tena, wakasema mpaka ufuate Rusizi na ziwa. Ugomvi ulidumu miaka mingi. Mwaka 1910 walipatana huko Brussels: mpaka upite ziwani, na Idjwi iwe upande wa Kongo. Watu wa Idjwi, wenye ndugu ng'ambo ya mashariki, hawakuketi katika baraza lile.

Leo wako watu wanaozitafuta ramani hizo na kuzinunua kwa fedha nyingi. Mtunzaji hodari hutambua umri wa ramani hata kama mwaka haukuandikwa. Akiona ziwa moja la konokono, ajua ilichorwa kabla ya habari za Burton na Speke kuenea. Akiona mstari ulionyooka ndani ya Rwanda, ajua ni ya baada ya 1885, na pengine kabla ya 1910. Huilaza bila kuikunja, mbali na jua, unyevu na mchwa. Wala hasahihishi kosa lililomo.

Maulizo

1. Wasafiri walisema kweli. Mbona ramani ilikosa?
2. Kwa nini mtunzaji hasahihishi makosa ya ramani?
3. Chora ramani ya njia toka kwenu hadi shuleni. Mpe mwenzako asiyeijua njia hiyo, aifuate. Alipotea wapi?