Kaboni Oganiki Mumunyifu katika Vijito vya Milima yenye Jalidi ya Kudumu

Utangulizi
Jalidi ya kudumu ni ardhi ambayo halijoto yake haizidi nyuzi 0 za selisiasi kwa angalau miaka 2 mfululizo. Makala haya yanafafanua jinsi kaboni ya ardhi hiyo inavyoingia vijitoni. Istilahi zahitaji uangalifu. Katika Kiswahili cha kila siku, barafu huyeyuka na sukari pia huyeyuka katika chai. Kwa kuwa michakato yote miwili inahusika hapa, "yeyuka" inatumiwa kwa barafu na "mumunyika" kwa kaboni.

Njia ya Maji
Katika baridi kali, majani na mizizi iliyokufa huoza polepole na kujilimbikiza juu ya udongo. Maji yapitayo humo hubeba kaboni, mithili ya maji ya moto yanavyochukua rangi ya majani ya chai. Kaboni oganiki inayopenya chujio lenye matundu ya mikromita 0.45 ndiyo huhesabiwa kuwa mumunyifu.

Bonde la Granger, karibu na mji wa Whitehorse katika eneo la Yukon, Kanada, ni mfano mwafaka. Miteremko yake inayoelekea kaskazini ina jalidi ya kudumu. Ile ya kusini, inayopata jua zaidi, huganda kwa msimu tu. Theluji inapoyeyuka, maji hushindwa kuzama katika ardhi iliyoganda. Hutiririka katika tabaka la juu lenye mabaki ya mimea, na kiwango cha kaboni kijitoni hupanda ghafla. Majira ya joto yanapoendelea, barafu ya udongoni huyeyuka hadi kina kikubwa zaidi. Maji hufikia udongo wa madini, ambao hunasa kaboni, na kiwango hicho hushuka.

Athari
Ni kosa, basi, kudhani kwamba joto likizidi, kaboni ya vijitoni nayo lazima izidi. Penye udongo wa madini karibu na uso wa ardhi, huweza kupungua. Penye mboji nene, huweza kuongezeka, ikiwemo kaboni iliyofungwa kwa maelfu ya miaka. Bakteria huila na kuitoa kama kaboni dioksidi. Ardhi ya jalidi ya kaskazini inakadiriwa kuhifadhi tani bilioni 1,460 hadi 1,600 za kaboni oganiki, takriban mara 2 ya kaboni iliyomo angahewani.

Hitimisho
Imebainika kuwa pamoja na joto, njia ya maji ardhini ndiyo huamua hatima ya kaboni hiyo. Aidha, anayeandika "kaboni iliyoyeyuka" humwacha msomaji njia panda. "Mumunyifu" humwonyesha jambo lenyewe.