Kidoti cha Kichwani: Lini Kionyeshwe kwa Daktari wa Ngozi?

Ngozi ya kichwa ni sehemu ya mwili ambayo mwenyewe haioni. Uso hutazamwa katika kioo kila siku, na mikono na miguu huonekana wakati wa kuoga. Lakini utosi na kisogo hufunikwa na nywele, na aghalabu huonwa na watu wengine tu: kinyozi, msusi, mume au mke, ama mama anayemwogesha mwanawe. Kwa sababu hiyo kidoti kinachobadilika mahali hapo huweza kukaa miezi mingi bila kutambuliwa. Makala haya yanakusudia kueleza kidoti ni kitu gani, ni dalili zipi zinazodai uchunguzi, na kwa nini kisikatwe wala kuchomwa kabla ya kupimwa.

Kidoti ni nini?

Katika tabaka la juu la ngozi zimo seli zinazotengeneza melanini, yaani rangi inayoipa ngozi weusi wake na kuikinga na mionzi ya jua. Seli za aina hiyo zinapokusanyika mahali pamoja hufanya kidoti. Watu wengi wanavyo, na vilivyo vingi havina madhara yoyote. Huzuka utotoni na ujanani, hukua taratibu, kisha hutulia. Mara chache seli hizo huacha utaratibu wake, zikaongezeka ovyo na kupenya kwenda chini. Hiyo ndiyo saratani iitwayo melanoma. Ikishaifikia mishipa ya damu au ya limfu huweza kusafiri hadi kwenye tezi, mapafu, ini au ubongo.

Alama za kuangaliwa

Mwaka 1985 madaktari wa Chuo Kikuu cha New York walitoa kanuni ya alama nne za kutambua kidoti cha kutiliwa shaka. Mwaka 2004 iliongezwa alama ya tano. Alama hizo ni:

1. Umbo: nusu moja ya kidoti hailingani na nusu ya pili.
2. Ukingo: umechongoka, una mapengo au haukukatika sawasawa.
3. Rangi: zimechanganyika rangi mbalimbali, kama vile nyeusi, kahawia, nyekundu au buluu.
4. Upana: unazidi milimita 6, yaani kadiri ya kifutio kilicho nyuma ya penseli.
5. Mabadiliko: kidoti kinakua, kinainuka, kinabadili rangi, kinawasha au kinatoka damu pasipo kujikwaruza.

Alama ya tano ndiyo iliyo kuu. Kidoti kikubwa ambacho hakikubadilika kwa miaka 20 hutia hofu kidogo kuliko kidogo kilichozuka ukubwani na kukua kwa miezi michache. Aidha, haifai kungoja alama zote zitimie. Ziko melanoma zinazoanza kama kinundu kigumu cha duara, chenye rangi moja, na nyingine hazina weusi kabisa.

Kwa nini kuchelewa ni hatari?

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha kuwa hatima ya mgonjwa wa melanoma hutegemea sana unene wa uvimbe wenyewe, unaopimwa kwa milimita chini ya hadubini. Uvimbe usiozidi milimita 1 mara nyingi hupona kwa kukatwa tu. Kadiri unavyozidi kwenda chini, ndivyo matumaini yanavyopungua. Tena, uchunguzi uliotolewa Marekani mwaka 2008 ulionyesha kuwa wenye melanoma ya ngozi ya kichwa au shingo walikufa kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wenye melanoma ya mikono au miguu, hata baada ya unene kuzingatiwa.

Hapa ndipo inapoonekana hatari ya kuchoma kidoti kwa dawa kali, kukifunga uzi au kukikata kwa wembe. Pamoja na hatari ya kutoka damu na kuingia vijidudu, kitendo hicho huharibu kipande ambacho maabara ingekipima. Daktari akikosa kujua unene, hukosa kipimo muhimu cha kumwongoza katika matibabu.

Ngozi nyeusi na ualbino

Weusi wa ngozi ni kinga, lakini si kinga kamili. Miongoni mwa Waafrika melanoma ni nadra, na inapotokea huonekana zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha. Kwa hiyo anayekagua kichwa asisahau miguu.

Mtu mwenye ualbino yumo katika hali nyingine. Ngozi yake haina melanini ya kutosha, na saratani zinazompata zaidi si melanoma bali ni zile zinazotokana na seli nyingine za ngozi, hasa kichwani, usoni, masikioni na shingoni. Kwake dalili ya kwanza huweza kuwa gamba gumu linalorudi kila likibanduka, au kidonda kisichopona. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua ni mahitaji yake ya kila siku.

Hatua za kuchukua

Mara moja kwa mwezi mtu amwombe mwenziwe amtenganishie nywele fungu kwa fungu na kumkagua mahali penye mwanga. Kidoti kikionekana, kipimwe kwa rula na tarehe iandikwe. Si kila kitu cha kichwani ni saratani: mapunye ya watoto na vipele vya kisogoni vitokanavyo na kunyoa vina matibabu yake. Lakini kidoti kinachobadilika, au kidonda kisichopona kwa majuma manne, kipelekwe hospitali. Pasipokuwa na daktari wa ngozi, mganga wa kituo cha afya huweza kuandika barua ya rufaa. Huko KCMC, Moshi, kipo tangu mwaka 1992 kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi.

Daktari akiona shaka, hutia ganzi, hukitoa kidoti chote pamoja na ukingo mdogo wa ngozi nzima, na kukipeleka maabara. Ni kazi ya muda mfupi. Kinyozi au msusi aliyeona alama asinyamaze kwa kuogopa kumtia mteja wasiwasi, kwa kuwa huenda yeye peke yake ndiye aliyeiona.