Tetemeko, Volkeno na Maporomoko

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kwa kishindo kutoka mlima Hanang, kaskazini-magharibi ya Kondoa, yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji vya kando yake. Watu zaidi ya 80 walikufa. Uvumi ukaenea upesi kwamba mlima umelipuka moto. Lakini wataalamu walipokwenda kutazama hawakuona dalili ya moto: mvua nyingi ililowesha sehemu dhaifu ya mlima, nayo ikameguka. Basi ndugu msomaji, tuyajue majina haya vizuri, maana kila jambo lina njia yake ya kujiokoa.

Tetemeko la nchi twalijua kwa Biblia. Shuleni husema tetemeko la ardhi, na wengine huliita zilizala. Maana yake ni moja. Chini ya udongo tunaolima pana mwamba, na mwamba huo umepasuka mahali pengi. Mpasuko huo ni ufa. Pande zake mbili husukumwa polepole, lakini zimeshikana, hata siku moja zikaachiana ghafula. Ndipo nchi hutikisika. Mahali palipoteleza, huko ndani, ni chanzo cha tetemeko. Na mahali pa juu yake, usoni pa nchi, ni kitovu.

Ufa huo hauko mbali nasi. Asimamaye Kilimatinde akitazama mashariki huona nchi imeshuka mpaka mbuga ya Bahi. Ule ukingo ni alama ya ufa, tawi la Bonde la Ufa, ambamo nchi inatanuka milimeta chache tu kwa mwaka. Kwa hiyo Dodoma ilitikiswa Novemba 2002, kuta zikapasuka, ingawa hapana mlima wa moto mjini. Na matale ya nchi hii yana miaka zaidi ya milioni 2,500! Wako wadhanio kwamba mwamba wa kale hautikisiki, sivyo.

Volkeno ni mlima uliojengwa na uji wa mwamba upandao kutoka chini. Ukiisha kumiminika nje, uji huo huitwa zaha. Shimo la kileleni ni kasoko. Hanang ni volkeno iliyolala. Ol Doinyo Lengai iko macho, nayo ilitupa majivu mengi mwaka 2007 na 2008. Volkeno huweza kutikisa nchi, lakini si kila tetemeko latoka kwa volkeno.

Majivu yakianguka, funika pua na kinywa, funika na maji ya kunywa. Tope likishuka, usikimbie kulifuata korongo, panda kando. Nchi ikitetemeka, jitenge na kuta. Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliangusha nyumba nyingi na kuua watu. Hata likiisha, mengine madogo hufuata; kwa hiyo nyumba iliyopasuka isilalwe kabla fundi hajaikagua.