Kidonda Kisichopona Kipelekwe Kupimwa

Ukiuliza mtaani saratani ya ngozi humpata nani, wengi watakujibu: Wazungu na watu wenye ualbino. Jibu hilo lina ukweli, lakini limewachelewesha wengi kufika hospitalini. Ngozi nyeusi ina kinga kubwa dhidi ya jua, ila haina kinga dhidi ya saratani inayoota unyayoni, chini ya ukucha au juu ya kovu la moto, ambako jua si chanzo chake.

Mwaka 1977 mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, pahala palipodhaniwa pameumia kwa mpira tu. Alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36, saratani ikiwa imeshasambaa hadi kwenye ubongo. Melanoma huanzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi, na kwa watu weusi hupendelea nyayo, viganja na kucha. Doa jeusi la unyayoni linalotanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, lisiachwe kwa kudhani ni sugu au chunjua.

Kucha zinahitaji jicho la makini zaidi. Waafrika wengi wana mistari myeusi kwenye kucha kadhaa na hawana ugonjwa wowote. Tilia shaka mstari ulioko kwenye ukucha mmoja tu, unaozidi kupanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi inayouzunguka. Kama ulijikwaa na damu ikavilia, weusi husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Piga picha kwa simu leo, upige nyingine baada ya miezi miwili. Weusi ukiwa bado umeng'ang'ania shinani, nenda hospitali. Ukiona unakua kabla ya hapo, usingoje picha ya pili.

Halafu kuna makovu ya zamani, na hapa ndipo watu hudanganyika zaidi. Mtoto aliungua kwa uji, ngozi ikavutana nyuma ya goti. Kovu hilo linachanika, linapona, linachanika tena, miaka ishirini au thelathini. Mwishowe linagoma kufunga: kingo zinainuka na kuwa ngumu, nyama inaota katikati, harufu inabadilika, damu inatoka likiguswa tu. Donda ndugu la mguuni nalo linaweza kugeuka hivyo hivyo. Mwenye kidonda amekizoea, familia imekizoea, na hata muuguzi anayebadilisha bendeji kila wiki amekizoea. Kwa kuwa mara nyingi hakimzuii mtu kwenda shambani, hakuna anayeuliza kimebadilika lini.

Kwa mwenye ualbino, jua ndilo adui mkuu, tena tangu utotoni. Dalili za mwanzo huwa ni viraka vikavu vyenye magamba usoni, masikioni, shingoni, kwenye mdomo wa chini na mgongo wa mkono, vinavyokwaruza kidole kama msasa. Viraka hivyo bado si saratani, na daktari anaweza kuvigandisha kwa nitrojeni ya kimiminika au kutoa krimu ya kuviondoa. Kinga kubwa ni nguo za mikono mirefu na kofia pana. Kepi haitoshi, kwa sababu inaacha masikio na shingo wazi. Mzazi azungumze na mwalimu mkuu ili mtoto aruhusiwe kuvaa kofia na mikono mirefu hata kama sare ya shule haina, na asikae dirishani penye jua. Kazi za nje ziepukwe kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni inapowezekana. Losheni ya kuzuia jua iwe ya kiwango cha 30 au zaidi, ipakwe kwa wingi na kurudiwa kila baada ya saa mbili ukiwa juani. Kule Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, hutengenezwa losheni ya Kilisun mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kliniki ya ngozi iliyo karibu nawe inaweza kukueleza namna ya kupata losheni. Hata hivyo, losheni ni nyongeza tu, haichukui nafasi ya kofia na kivuli.

Kwa anayeishi na VVU, mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi mguuni, usoni au kwenye kaakaa vinaweza kuwa saratani ya Kaposi. Aende kliniki yake mapema. Dawa za ARV zenyewe ni sehemu kubwa ya tiba.

Kipimo changu kwa kila msomaji ni hiki: kidonda au uvimbe wa ngozi uliopita wiki nne bila kupona na bila sababu inayoeleweka, uonwe na daktari. Usiupake unga wa vidonge vya rangi mbili, asidi ya betri wala majani. Dawa ya zambarau nayo huficha rangi ambayo daktari anahitaji kuiona.

Unapokwenda, beba picha za simu zilizopigwa sarafu ikiwa kando ya kidonda, ili ukubwa wake uonekane. Sema kilianza lini na umekipaka nini, hata kama unaona aibu. Macho peke yake hayatoshi kuthibitisha saratani, lazima kinyama kikatwe. Watu huogopa hapa, wakiamini kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Si kweli. Unachomwa sindano ya ganzi, kipande kidogo kinatolewa na kuwekwa kwenye chupa yenye formalini, kisha kinapelekwa maabara ya patholojia. Hakikisha chupa imeandikwa jina lako na sehemu kilikotolewa, uliza majibu yatatoka lini, na usiondoke bila namba ya simu ya kuulizia. Zahanati isipoweza kufanya hivyo, omba barua ya rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa ngozi au wa upasuaji.

Saratani iliyowahiwa mara nyingi humalizwa kwa upasuaji mmoja: uvimbe hukatwa pamoja na ukingo wa ngozi nzima, pengine na kubandikwa ngozi kutoka pajani. Uliza kama ripoti inasema kingo ni safi. Daktari atapapasa pia mitoki kinenani, kwapani au shingoni, kwa sababu huko ndiko saratani nyingi za ngozi hukimbilia kwanza. Ikiwa imeshafika huko, tiba hupanuka: upasuaji mkubwa zaidi, mionzi, au dawa za saratani. Mionzi hutolewa siku tano kwa wiki kwa wiki kadhaa, kwa hiyo mgonjwa anayetoka mkoani kwenda taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, aulize mapema kuhusu malazi, bima na msamaha wa gharama katika ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali. Wengi hukatisha tiba kwa kukosa nauli na pa kulala.

Ripoti ya kinyama itolewe nakala mbili, moja ibaki nyumbani. Kliniki ya marudio kwa kawaida huwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita katika miaka miwili ya mwanzo, na daktari wa zamu siku hiyo huenda asiwe yule aliyekufanyia upasuaji.