Maji Yana Haki Yake: Darasa la Mikaratusi ya Keumbu



Mtu wa pwani akiambiwa kuwa huko Kisii, katika vilima vinavyopata mvua ya zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, wako watu wanaolalamika kwamba chemchemi zao zinapungua na nyingine zimekauka, aghlabu hushangaa. Sisi ndio tuliozoea visima vya maji ya chumvi, na mifereji ifunguliwayo ikatoa upepo. Itakuwaje basi nchi ya mvua ilie kiu? Katika darasa hili tumependa kulichungua swali hilo, maana jawabu lake halikai Kisii peke yake. Lina sehemu yake katika nyumba zetu.

Keumbu ni soko lililoko kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kwenda Keroka. Pande zote ni vilima: juu pana nyumba, michai na migomba, na chini mabondeni pana vijito na ardhi ya majimaji. Maji ya nchi hiyo huingia katika mto Gucha, ambao kwa jina la pili huitwa Kuja. Mto huo huenda Ziwa Victoria, na kutoka ziwani maji hushika njia ya Nile hata Misri. Katika mabonde hayo ya Kisii na Nyamira, mahali palipokuwa na mafunjo na miti ya kienyeji, leo imesimama mikaratusi kwa safu, miguu yake majini.

Mti huu si wa nchi hizi. Asili yake ni Australia, na uliletwa Kenya mwaka 1902 ili upatikane mti wa kukua upesi, utoe kuni za gari la moshi la reli ya Uganda. Sifa iliyotakiwa wakati ule ndiyo hiyo hiyo inayoleta matata leo. Mti wenye kukua upesi hunywa maji mengi. Mkaratusi haupukutishi majani yote wakati wa kiangazi, kwa hiyo huendelea kutoa maji hewani kama mvuke mwaka mzima. Na mizizi yake hushuka chini sana, ikayafuata maji pale ambapo mizizi ya nyasi haifiki. Ukipandwa juu ya kilima, huishi kwa mvua inayouangukia. Ukipandwa ukingoni mwa chemchemi, ni kama umetiwa mrija ndani ya mtungi.

Hayo si maneno ya kukisia. Huko Afrika Kusini, mahali paitwapo Mokobulaan, wataalamu walipanda mikaratusi mwaka 1969 katika bonde dogo lenye kijito, wakawa wanapima maji yake mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa 9 kijito kilikauka kabisa. Miti ilipotimia miaka 16 ikakatwa. Walakini maji hayakurudi kama yalivyokuwa ila baada ya miaka 5 tangu kukatwa. Tuzingatie hapo: hata kosa likiisha kuondolewa, madhara yake hubaki.

Je, tumlaumu mkulima? Mwenye haraka ya kulaumu hajaijua hali yake. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti ya Kisii ina watu zaidi ya 900 katika kila kilomita moja ya mraba. Shamba la babu limegawiwa watoto, na la watoto likagawiwa wajukuu, hata limekuwa ukanda mwembamba ushukao kutoka kilimani hadi mtoni. Sehemu ya chini ni ya majimaji, haifai kwa nyumba wala kwa michai. Mkaratusi hapo hauhitaji kazi nyingi, ukikatwa huchipua tena, na mnunuzi yupo: wa nguzo za umeme, wa miti ya kujengea, na viwanda vya chai, ambavyo huchoma kuni ili kupata mvuke wa kukaushia majani. Kwa mtu mwenye karo ya shule ya kulipa, mti huo ndio akiba yake. Mwenye kumkemea bila ya kumwonyesha njia nyingine hajamsaidia yeye wala hajayasaidia maji.

Lakini udhuru wa mtu hauondoi haki ya mwenziwe. Hapa ndipo lilipo shina la darasa letu. Chemchemi haijui mpaka wa shamba. Mwenye shamba la juu akiyakausha maji, anayeteseka ni mama wa shamba la chini, ambaye hakupanda mti hata mmoja, naye ndiye anayelazimika kwenda mbali zaidi na ndoo kichwani.

Wanazuoni waliijua mas'ala hii tangu zamani. Katika vitabu vya fiqhi iko hukumu ya harimu, yaani eneo la pembezoni mwa kisima, chemchemi au mto, ambalo huachwa wazi lisifanywe jambo la kuyadhuru maji au kuwazuilia watu wanaoyahitaji. Kisima cha kunyweshea wanyama kilipimiwa dhiraa 40. Msingi wake ni kwamba watu wote ni washirika katika maji, na kwamba mtu hana ruhusa ya kujinufaisha kwa kumdhuru mwenziwe.

Sheria ya Kenya imefika karibu na hapo kwa njia yake. Kanuni za maji zinataka ukingo wa mto uachwe, si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30, kwa kadiri ya upana wa mto. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imeyahesabu maji safi ya kutosha kuwa ni haki ya kila mtu. Na mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliamuru mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi. Walakini amri peke yake haing'oi mti ambao ni karo ya mtoto.

Wako watakaosema: maji ni ya Mungu, akitaka huyaleta na akitaka huyaondoa, basi tuombe dua tu. Dua ni ibada, wala hapana Mwislamu aikataaye. Lakini kuomba maji kwa ulimi, na kwa mkono kupanda kinachoyakausha, ni kujipinga nafsi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Basi lifanywe nini? Kwanza, mkaratusi usifanywe adui. Upandwe mahali pake, vilimani, mbali na maji. Pili, ukingoni irudishwe miti ya kienyeji na mianzi, tena kwa zamu, sehemu baada ya sehemu, ili mkulima asipoteze akiba yake yote kwa siku moja. Na mianzi nayo huuzwa. Tatu, majirani wa chemchemi moja wakae pamoja, wa juu na wa chini, waijengee na waweke mapatano ya kuilinda. Nne, anunuaye kuni na nguzo aulize zimekatwa wapi, kwani mnunuzi asiyeuliza ni mshirika wa mpandaji.

Na neno hili la nne latuhusu sisi. Mnada wa chai uko Mombasa tangu mwaka 1969, na chai ya vilima vya Kisii hushuka hapa kabla ya kuvuka bahari. Kikombe tunachokunywa barazani baada ya alasiri huenda kimekaushwa kwa kuni za mti ulioota juu ya chemchemi ya mtu mwingine. Sehemu ya maji ya Mombasa yenyewe hutoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwa bomba lililojengwa katika miaka ya 1950. Na Mzima hulishwa na mvua inayozama katika vilima vya Chyulu, mbali na macho yetu. Sisi nasi, kama yule mama wa Keumbu, tu watu wa shamba la chini.

Mwaka 2015 mataifa ya dunia yalipokubaliana malengo 17, la 6 likawa ni maji. Hilo ni jema. Lakini sisi tuliofunzwa tusifanye israfu hata tunapotawadha mtoni, hatukungoja mkutano ili tuujue wajibu wetu. Anayetaka maji yamfikie, na ailinde haki ya maji huko yanakotoka.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.